Mlima Hautambui Cheo

Katika miezi ya Desemba hadi Machi, na tena kuanzia Juni hadi Agosti, mvua hupungua katika nchi za Bugisu na Sebei. Hapo ndipo watu wapendao milima hufunga shanta zao na kuelekea Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Miongoni mwao hawakosi askari. Wengine huenda kwa amri, katika mazoezi ya kikosi. Wengine huenda kwa hiari yao, wakiitumia likizo ya siku chache kujipima nguvu na kuiona nchi wanayoilinda. Ni jambo la kusifiwa. Askari aijuaye nchi yake kwa miguu huipenda kuliko yule aijuaye kwa ramani.

Hata hivyo, upo ugonjwa mmoja ambao humngoja kila mpandaji aendaye kwa haraka, na ambao, kwa maoni yangu, humtafuta askari kuliko raia. Ugonjwa huo ni ule uletwao na kimo cha mlima. Nasema humtafuta askari kwa sababu askari amefundishwa mambo mawili yaliyo mema mahali pengine pote, lakini yawezayo kumwua mlimani: kwenda mbio, na kutolalamika.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Tulikuwa watu tisa, wa jeshi na wa polisi, tukipanda Elgon kwa njia ya Sasa. Kiongozi wetu alikuwa sajini mwenye miaka mingi kazini, mtu mwema na mkakamavu, ambaye tulipokuwa tukianza safari pale Budadiri alituambia maneno machache: "Hapa hakuna kulalamika. Atakayechoka ataachwa nyuma na wenzake." Tulicheka sote. Katikati yetu alikuwamo konstebo mmoja kijana, mwepesi wa miguu kuliko sisi wote, ambaye siku ya kwanza alitangulia mbele akiimba.

Usiku wa kwanza, kwenye kambi ya Mto Sasa, kijana yule hakula. Mimi nilikuwa nikila naye sahani moja, nikamwona akiisukuma posho upande wangu. Nikafurahi kwa kuongezewa. Usiku wa pili, kwenye Pango la Mude, alijilaza kabla ya giza kuingia, akaambiwa na wenzake kwamba ameizoea mno godoro ya mjini. Asubuhi ya tatu, tulipokuwa tukijitayarisha kwenda kileleni, alikaa muda mrefu akihangaika na kamba za viatu vyake. Alipoinuka alipepesuka.

Aliyesimama mbele yake hakuwa sajini wala mimi. Alikuwa mwongozaji wetu, mzee mmoja wa Kigisu. Alichora mstari mchangani kwa fimbo yake, akamwambia kijana autembee, kisigino mbele ya kidole. Hatua ya tatu kijana akayumba kama mtu aliyelewa.

"Afande," mzee akamwambia sajini, "kijana huyu haendi juu."

"Ni uchovu tu wa safari, mzee."

"Uchovu haumsahaulishi mtu kufunga viatu vyake. Huyu anashuka sasa hivi."

Sajini alinyamaza kwa muda, kisha akakubali. Watu wawili walimshika kijana huku na huku, wakamteremsha hadi Sasa. Kabla ya adhuhuri alikuwa akiomba chai. Alipona, na leo yu kazini. Lakini kilichonitia hofu, na kinachonifanya niandike leo, ni kwamba sisi sote tulikuwa tumekwisha kuuona ugonjwa wake tangu siku iliyopita. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeila posho yake. Na katika watu wanane wenye macho hakuna hata mmoja aliyesema neno.

Hewa nyepesi

Inafaa kwanza tuelewe jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba hewa ya mlimani ina upungufu wa oksijeni kwa namna ya uji uliotiwa maji. Sivyo. Oksijeni ni sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa, pwani na mlimani sawasawa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa iliyo juu yake inavyopungua uzito, na kila pumzi aivutayo huwa na kiasi kidogo zaidi cha kila kitu, pamoja na oksijeni. Katika kimo cha meta 5,500 mgandamizo huwa kama nusu ya ule wa pwani. Kwenye kilele cha Wagagai, meta 4,321, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote vya Elgon, huwa kama asilimia 60.

Mwili wa mwanadamu unaweza kuizoea hali hiyo, lakini huizoea kwa mwendo wake wenyewe. Kwanza mtu huanza kupumua haraka na kwa nguvu zaidi, na moyo hupiga mbio. Kisha figo hutoa maji mengi, ili damu irudi katika kipimo chake kilichobadilishwa na kule kupumua sana. Baadaye, katika majuma yafuatayo, damu huongeza chembe zake nyekundu. Kazi hizi huchukua siku, na hakuna amri iwezayo kuziharakisha. Wala mazoezi ya mwili hayaziharakishi. Mtu awezaye kukimbia maili kumi akiwa na bunduki begani anaweza kuugua siku ile ile ambayo karani mnene wa ofisini anakula na kulala vizuri. Tena yule mwenye nguvu yumo hatarini zaidi, maana nguvu zake humfikisha juu kabla ya mwili wake kuwa tayari.

Watu wataniuliza: Je, wakimbiaji wetu wa Sebei? Joshua Cheptegei, ambaye ni askari polisi, alivunja rekodi ya dunia ya meta 5,000 na ile ya meta 10,000 katika mwaka mmoja wa 2020, naye ni mtoto wa Kapchorwa, kwenye mteremko wa mlima huo huo. Ni kweli. Lakini yeye alizaliwa na kukulia huko, na hujizoeza huko. Yule askari ambaye ni mzaliwa wa Kapchorwa, lakini amekaa kambini bondeni kwa miezi mingi, amekwisha kuupoteza sehemu kubwa ya uzoefu wa mwili wake, na hana budi kuanza upya kama mgeni. Tuwakumbuke pia wale waliotumikia Somalia tangu mwaka 2007. Mogadishu iko ufukweni mwa bahari. Askari arudiye kutoka huko, akapewa likizo ya juma moja, akaazimia kupanda Wagagai, anaondoka penye hewa nzito kuliko zote na kwenda kwenye hewa nyepesi kwa siku chache tu.

Dalili zake

Ugonjwa huu una sura tatu, na kila askari yampasa azijue kama ajuavyo sehemu za bunduki yake.

Sura ya kwanza ndiyo ya kawaida. Humpata mtu akiwa amevuka meta 2,500, mara nyingi baada ya saa 6 hadi 12 tangu kufika mahali pa juu. Kichwa humwuma. Pamoja na kichwa, chakula humchukiza au hutapika, au husikia uchovu usio wa kawaida, au kizunguzungu. Usingizi wake nao huwa wa kukatikakatika. Yaani hali yake hufanana na ya mtu aliyekunywa pombe nyingi jana yake. Ugonjwa huu wa kwanza hauui, na mara nyingi humwacha mtu baada ya siku moja au mbili, kwa sharti kwamba asiendelee kupanda.

Sura ya pili ni kuvimba kwa ubongo. Hapa mtu hupepesuka, hushindwa kutembea kwenye mstari, husema maneno yasiyo na mpango, hukasirika bila sababu au hukaa kimya kama aliyeduwaa. Kisha hulala usingizi asioamka. Askari wa usalama barabarani anaujua mtihani wa kutembea juu ya mstari, kwa kuwa huutumia kwa madereva walevi. Ndio huo huo. Mtu asiyekunywa kitu, naye akayumba juu ya mstari penye kimo kirefu, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sura ya tatu ni kujaa kwa maji mapafuni. Nayo mara nyingi huja usiku wa pili au baada yake. Mtu hukosa pumzi hata akiwa amekaa kitako. Hukohoa, kwanza kikohozi kikavu, kisha chenye povu, pengine lenye damu. Midomo na kucha hugeuka rangi. Kifua husikika kikitokota. Wengi hulidhania jambo hili kuwa ni kichomi cha kawaida, wakampa mgonjwa vidonge na kumfunika blanketi. Asubuhi humkuta amekufa.

Tiba iliyo kubwa kwa sura hizi mbili za mwisho ni moja: kushuka. Kushuka meta 300 hadi 1,000 huweza kuyaokoa maisha ambayo saa mbili tu zilizopita yalikuwa yakitoka. Oksijeni ya chupa husaidia. Zipo pia dawa za hospitali, kama deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu, na mganga wa kikosi anaweza kuzichukua akiwa anajua matumizi yake. Lakini dawa humpa mtu nguvu ya kushuka; hazimpi ruhusa ya kubaki.

Mpango wa safari

Sasa nije kwenye mpango wenyewe, kwa sababu ugonjwa huu huzuiwa mezani, penye karatasi na kalamu, kabla ya kiatu kufungwa.

Kanuni ambayo waganga wa milima wamekubaliana nayo ni hii. Mtu atokaye bondeni achukue siku mbili au zaidi kufikia kimo cha meta 2,500 hadi 3,000. Akishavuka meta 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya meta 500 hivi kwa siku moja. Na kwa kila meta 1,000 alizopanda aongeze siku moja ya kukaa papo hapo. Angalieni kwamba kinachopimwa ni mahali pa kulala. Mchana mtu anaweza kwenda juu zaidi, na ni vyema aende, kisha arudi kulala chini. Mwili hujifunza mchana na hupumzika usiku.

Tuipime kwa kanuni hiyo njia ya Sasa kama watu wengi waiendavyo. Budadiri iko penye kimo cha meta 1,250 hivi. Siku ya kwanza msafiri hupita mashamba ya kahawa na migomba, hupanda mwamba mkali wa Mudangi, huingia msitu wa mianzi na kulala kwenye kambi ya Mto Sasa, penye meta 2,900. Siku ya pili hupanda hadi Pango la Mude, meta 3,500. Siku ya tatu huondoka alfajiri kwenda Wagagai na kurudi Mude. Siku ya nne hushuka hadi chini. Kwa hiyo siku ya kwanza amepanda zaidi ya meta 1,600 kwa pigo moja. Siku ya pili amepita kipimo cha meta 500. Na siku ya tatu anakwenda kileleni bila kupumzika hata mara moja. Wengi hufaulu kwa namna hiyo na kurudi salama. Lakini wengi wao hurudi wakisema kwamba kileleni hawakuona kitu kwa maumivu ya kichwa, na wachache huteremshwa kama yule konstebo.

Mpango ninaoupendekeza unaongeza siku moja tu mlimani. Kwanza, kikundi kisiondoke Kampala usiku na kuanza kupanda asubuhi. Kilale usiku mmoja mahali palipoinuka, kama Sipi, ambako ni zaidi ya meta 1,700, ingawa njia inazunguka kidogo. Siku ya kwanza mlimani kilale Sasa. Siku ya pili kilale Mude. Siku ya tatu kisiende kileleni. Kiache mizigo kambini, kitembee polepole kwa saa mbili au tatu juu ya nyika za mlimani, penye lobelia na miti ile mikubwa ya senesio, kisha kirudi kulala Mude tena. Siku ya nne, saa kumi na moja ya alfajiri, kiende Wagagai. Siku ya tano kishuke. Atakayeuliza siku ile ya tatu ina faida gani, mwambieni ndiyo siku inayomfikisha kileleni akiwa na akili yake timamu, akaweza kuliona bonde lile kubwa la volkeno iliyozimika, lenye upana wa kilometa 8 hivi, na kuitazama Kenya upande wa pili.

Kiongozi aweke pia saa ya kugeuka. Ikifika saa sita mchana, hata kama kilele kinaonekana, watu wageuke. Kilele hakiondoki, mwanga wa jua ndio uondokao.

Mwendo uwe wa yule aliye mdogo wa nguvu kuliko wote. Kipimo chake ni rahisi: watu waweze kuongea wanapotembea. Kikundi kilichonyamaza kwa kuhema kinakwenda mbio. Mwenda pole hajikwai.

Kuhusu mizigo, kila mtu awe na sweta, koti la mvua, soksi kavu za kulalia na blanketi zuri au mfuko wa kulalia, kwa maana usiku wa Mude huganda, na mtu aliyelowa hupoteza joto lake na kudhoofika kabla kimo hakijamfikia. Wachukuzi wa Budadiri wapo, na malipo yao ni riziki ya nyumba zao. Hakuna aibu askari akiwapa sehemu ya mzigo wake. Sheria ya hifadhi, ambayo imekuwa mbuga ya taifa tangu 1993, humtaka kila mgeni awe na mwongozaji. Sheria hiyo tuitii bila kunung'unika. Mwenyeji ndiye ajuaye.

Kuhusu chakula, mtu ale ingawa hana hamu, na chakula cha wanga ndicho kifaacho: posho, mchele, viazi, mkate, sukari katika chai. Wenyeji wanayo malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, na mtu aliyeyala jioni ya baridi hatayasahau. Maji yanywewe ya kutosha, mpaka mkojo uwe mweupe. Lakini yasinywewe kupita kiasi kana kwamba ni dawa, kwa kuwa maji mengi hayazuii ugonjwa wa kimo.

Waragi ibaki Mbale. Wapo wasemao kwamba huupasha mwili joto. Huupasha ngozi joto kwa dakika chache, ikilitoa joto hilo ndani ya mwili na kulipa baridi. Zaidi ya hayo hupunguza kupumua usiku, na hizo pumzi ndizo kinga yetu. Dawa za usingizi zina hatari hiyo hiyo.

Dawa iitwayo asetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na jioni, ikianzwa siku moja kabla ya kupanda, huusaidia mwili kuzoea upesi zaidi. Huifanya mikono iwashewashe na mkojo uongezeke. Lakini ipatikane kwa mganga, wala si kwa rafiki, maana wako watu wenye mzio wa dawa za salfa na wengine wenye maradhi ya figo. Mganga huyo amwulize pia kila mtu habari za selimundu. Katika nchi yetu watu wengi wamezaliwa na alama ya ugonjwa huo bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Na mwenye alama tu apate ushauri kwanza, maana upungufu wa oksijeni pamoja na kazi nzito huweza kuidhuru bandama yake.

Vita na milima

Wako maofisa watakaosema: "Mwandishi huyu anataka kutuleta katika matembezi ya watalii. Vita havingoji siku ya kupumzika." Ni hoja nzito, nami naiheshimu. Askari wetu walipowafuata waasi wa ADF katika milima ya Rwenzori tangu mwaka 1996, hawakuwa na nafasi ya kuchagua siku. Ziko saa ambazo hatari ya adui hushinda hatari ya mlima, na mkuu wa kikosi ndiye aamuaye.

Lakini hebu tuitazame historia ya majeshi yenyewe. Mwaka 1962, India na China zilipopigana katika milima ya Himalaya, India ilipeleka askari wake kwa haraka kutoka nchi tambarare hadi kwenye vimo vya kutisha. Wengi waliugua. Waganga wa jeshi hilo, wakiongozwa na Inder Singh, waliandika mwaka 1969 taarifa ya askari 1,925 walioupata ugonjwa huu wa mlimani, na taarifa hiyo imekuwa moja ya misingi ya elimu tuliyo nayo. Jeshi la India likajifunza: likaweka utaratibu wa kuwazoesha askari kwa hatua kabla ya kuwapeleka juu. Tena kwenye barafu ya Siachen, ambako India na Pakistan zimekabiliana tangu 1984 kwenye vituo vingine vilivyopita meta 6,000, baridi, maporomoko ya theluji na kimo vimeua askari wengi kuliko risasi. Kwa hiyo anayemzoesha askari wake kabla ya kumpandisha haachi kazi ya vita. Anaifanya. Askari aliyefika juu asiweze kutembea kwenye mstari amekwisha kutekwa, na adui hajatumia risasi hata moja.

Upo mfano mwingine wa jirani zetu Kenya. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kitaliano walitoroka katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki, si kwa kutaka kukimbilia kwao, bali kuupanda Mlima Kenya. Aliyewaongoza ni Felice Benuzzi. Mmoja wao hakuwa na afya njema. Wakamwacha kwenye kambi ya chini, wala hawakumlazimisha. Wawili waliobaki walijaribu kilele cha Batian, hali ya hewa na mwamba vikawashinda, wakageuka. Kisha wakapanda Lenana, meta 4,985, wakasimika bendera yao, wakashuka na kujirudisha wenyewe kambini. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na mkuu wa kambi akawapunguzia zikawa siku 7 kwa kuistahi kazi yao. Watu wale walikuwa na njaa na vifaa vya kujitengenezea, lakini walijua kugeuka. Na hakuna aliyewahi kuwaita waoga.

Nasi Afrika Mashariki tunajivunia milima yetu kwa haki. Usiku wa uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, aliyepandisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro, penye meta 5,895, alikuwa askari: Luteni Alexander Nyirenda. Kila askari apandaye mlima leo yumo katika mstari wake. Heshima hiyo ni ya mtu aliyepanda na kushuka.

Amri ninayoiomba

Kwa hiyo nawaomba makamanda wetu, wa jeshi na wa polisi, waweke amri moja fupi kwa kila kikundi kitakachopanda juu ya meta 2,500, iwe kwa mazoezi au kwa likizo.

Kila jioni, na kila asubuhi kabla ya kuondoka, liwepo gwaride dogo la afya. Kila mtu aulizwe maswali manne mbele ya wenzake: Kichwa chako kikoje? Umekula? Umelala? Unapumua vipi? Kisha kila mtu atembee kwenye mstari hatua kumi, kisigino mbele ya kidole, akianza kiongozi mwenyewe. Ni kwata ya dakika tano. Mwenye kichwa kinachouma asipande siku hiyo. Akizidi kuumwa, ashuke. Mwenye kuyumba, au mwenye kukosa pumzi akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, na asishuke peke yake kamwe.

Tena, na hili ndilo kubwa, neno la kumteremsha mtu liruhusiwe kutoka kinywani mwa yeyote: kuruta, mchukuzi, mwongozaji. Mbele ya ugonjwa huu cheo kiwekwe kando, maana ubongo uliovimba hauangalii nyota za begani, na mara nyingi mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Huenda siku moja mgonjwa huyo akawa kiongozi mwenyewe, akitoa amri zisizo na maana. Siku hiyo kikundi kitakuwa na haja ya koplo mwenye ujasiri wa kusema, "Afande, tunashuka."

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kambi zetu yuko askari mwema ambaye ataficha maradhi yake kwa sababu ameambiwa kwamba kulalamika ni udhaifu. Hafichi kwa ubaya. Anaficha kwa utiifu. Kwa hiyo kosa likitokea halitakuwa lake. Litakuwa letu sisi tuliomfundisha hivyo, na tuliokula naye sahani moja tukaona chakula chake kikibaki.

Nimesikia kwamba yule sajini wetu amepanda tena Masaba na vijana wengine. Alipokuwa Budadiri, kabla ya kuondoka, aliwapanga mstari na kuwaambia maneno machache. Safari hii aliwaambia hivi: "Atakayeumwa na kichwa aniambie mimi kwanza. Asiposema, nitamrudisha yeye pamoja na aliyelala karibu naye." Na mwongozaji wao, naambiwa, alikuwa mzee yule yule.